Athari Moja

Ofisi ya Maskati imenipa maneno arobaini
niyatie Kiswahili kabla ya Jumapili;
wageni watakuja, kutoka Pemba na Lindi,
kusomeshwa habari za mazingira na uchumi.
Thelathini na tisa nimeyamaliza.
Mfumoikolojia nimeuacha ulivyo, mrefu kama treni ya Tabora.
Bayoanuwai imekaa kitako, haina taabu.
Mtaji asilia nimeuandika mara mbili, nikaufuta mara mbili,
maana mtaji kwetu ni kitu cha dukani,
chenye daftari, na mkopo wa mtu asiyerudi.

Limebaki moja:
gharama anayoizua huyu, akailipa yule.
Halina jina. Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Alhamisi nikashika njia ya Izki
kwa shangazi Thuraya, mzaliwa wa Tabora,
aliyeletwa huku na umri wa miaka tisa
na hadi leo akikasirika, hukasirika kwa Kiswahili.
Nimemkuta ukingoni mwa falaji,
viatu kavua, kanga kaipandisha,
kidole cha shahada kakitia majini
kama anayepima homa ya mtoto.
"Zamani yakifika hapa," kanionyesha kifundo cha mkono.
"Sasa pingili mbili.
Litie hilo kwenye mafaili yenu."

Hapa maji hayapimwi kwa debe, hupimwa kwa muda.
Nusu saa ya mfereji ndiyo athari moja.
Usiku walihesabu kwa nyota:
ikichomoza hii, wewe funga, mwenzio afungue.
Kilimia ndiyo iliyokuwa zamu ya babu,
naye, kule Tabora, kati ya magunia ya karanga,
akampa binti jina la nyota ile
asije yeye mwenyewe akaisahau.
Siku hizi hulia simu.

Ijumaa baada ya sala, mnada.
Dalali Muhenna, sauti imemkauka kabla ya mfereji:
"Nne! Nne na nusu! Nani tano?"
Maji yamepungua, bei imepanda;
mchumi wetu wa ofisini angetabasamu,
angesema soko liko hai.
Shangazi hakuinua mkono.
Mitende yake ishirini na sita,
tisa imeshakuwa nguzo tu, haina makuti,
na ndege wa vichwani mwake
wamehamia kwenye waya wa umeme.

Upande wa juu, Nabhan kachimba kisima.
Mita mia na ishirini, pampu, nyasi za kununua,
bwawa la kuogelea, buluu kama sabuni ya unga;
hupangisha kwa familia za mjini, mwisho wa wiki.
Si mtu mbaya. Katuletea halua, ingali na moto.
Cheti chake kakitundika barazani, kimetiwa fremu,
nami nikamsomea shangazi kwa Kiswahili:
Tathmini ya Athari kwa Mazingira.

"Athari?" kauliza. "Walizipima zangu?
Zilikuwa tatu."

Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Tulifunzwa mchimba kisima huingia mwenyewe.
Huyu kachimba,
tumeingia sisi."

Simu ikalia. Akainama, akatoa jiwe na tambara,
maji yakaingia bustanini taratibu,
mtende wa kwanza, wa pili,
yakizunguka kila shina kama mgeni asalimuye,
na mie nikitazama saa, aibu imenishika
kana kwamba naiba zile dakika kwa kuzitazama.
Yalipofika wa kumi na moja, simu ikalia tena.
Akaziba. Ule wa kumi na mbili
ukabaki na mstari wa unyevu, upana wa uzi.

Jumapili nimewasilisha orodha.
Nambari arobaini: kisima cha mwenzio.
Mkuu wangu kapiga mstari mwekundu,
kaandika pembeni neno moja: Chanzo?

Nimemjibu kwa kalamu ileile:
Izki, chini ya kisima cha Nabhan.
Pingili mbili,
kwa kipimo cha Alhamisi.