Lifti ya Sarafu

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Usipoitia tetri ishirini kinywani
hununa kama mkwe aliyenyimwa kiti,
nawe na mfuko wako wa viazi mnatazamana
hadi mmoja wenu akubali ngazi.
Ghorofa ya nane.

Nilishuka Tbilisi mwezi wa pili, theluji imeshakuwa tope,
na mkataba wa miaka miwili: kupima mabomba yanayovuja.
Mimi Rosaura, fundi wa maji wa Valparaíso,
mji ambao nao hupandisha watu vilimani kwa nauli,
ila kule watoza nauli wote
niliwajua kwa majina ya utani.
Hapa sikujua hata neno la kuombea njia.
Herufi zao zina masikio, zote,
nilihisi mtaa mzima unanisikiliza
nami sina la kusema.

Wiki ya kwanza niliomba chumvi, nikapewa kiberiti.
Nikashukuru, nikarudi nacho. Ninacho mpaka leo.
Zipo aibu ambazo kuzisahihisha ni kuziongeza.

Wageni wenzangu hukutana Ijumaa, baa yenye taa za buluu.
Hulinganisha bei ya jibini, huwasema madereva,
husema "hawa watu" kwa sauti ya mwenye shamba.
Nilikwenda mara tatu nikiwacheka kimoyomoyo.
Mara ya nne nilisikia "hawa watu"
na sauti ilikuwa yangu.
Sikurudi. Usinisifu,
niliona haya tu, na bia yao ni ghali.

Sasa Nazibrola, wa ghorofa ya saba.
Aliendesha tramu hadi tramu zikafutwa,
na bado hutembea kana kwamba watu wampishe relini.
Siku ya tatu ya ugeni wangu alinikuta mlangoni pa lifti
nikipekua mifuko ya koti, viazi vinadondoka.
Akatia sarafu yake. Hakunisalimu.
Kwetu na kwao mgeni hupewa siku mbili;
mimi ya tatu sikupewa jembe,
nilifunguliwa daftari.
Kesho yake jioni, ngo ngo ngo: kiganja wazi,
na kwenye karatasi ya mirabaraba, jina langu
au kitu kinachofanana nalo, kikivaa masikio.
Ishirini.

Tukaishi hivyo. Ninakosa chenji, analipa, anaandika.
Ninalipa, anafuta kwa ulimi kwenye kidole.
Kwa deni hilo nilijifunza kuhesabu,
na Kijojia huhesabu kwa ishirini-ishirini,
arobaini ni ishirini mbili, themanini ni nne,
lugha nzima, niliwaza, imetengenezwa na lifti.
Nikamwambia. Ulikuwa utani wangu wa kwanza
katika lugha isiyo yangu.
Hakucheka. Alimwita Zaira, jirani yake,
akanilazimisha niurudie.

Mama hupiga simu Jumapili, kwake asubuhi, kwangu chakula cha jioni.
"Unakula nini?" Maharage, mama, na mkate wa tanuri,
mrefu, ncha zote mbili zimeungua.
"Unarudi nyumbani lini?"
Juzi nilimjibu, "Nimesharudi, nimevua viatu,"
ukapita ukimya wa bahari mbili
kabla hajauliza kama kuna baridi.

Mkataba unakwisha Alhamisi.
Nimepata tiketi, nimegawa sufuria,
kiberiti nimekifunga ndani ya soksi.
Jana nilishuka kwa ngazi hadi ya saba
na sarafu zote zilizobaki, zimejaa kikombe.
Nazibrola akavaa miwani. Akapanga mezani
ishirini, ishirini mbili, ishirini mbili na kumi,
taratibu, kama anayesubiri abiria wa mwisho.
Akafunga daftari.
"Bado ishirini," akasema,
akanirudishia kikombe kitupu.

Najua kuhesabu. Yeye ndiye aliyenifundisha.
Nilikuwa nimemaliza.