Dadu Jikoni

Kwenye karatasi vita viliisha zamani:
wekundu ni wengi, wekundu wana meno,
siku ya mia tatu na arubaini
hakuna sisimizi mweusi hata wa dawa.
Mlinganyo hauna huruma, wala hauna chuki.
Una jibu tu.

Lakini hapa uwandani, nje ya Nádudvar, mwezi wa Juni,
Etelka Szalontai amepiga magoti nyasini,
kamba na vigingi, miraba mia nne,
kila mraba akiupa rangi daftarini
kwa kalamu mbili za mpwa wake.
Mwaka wa kumi na moja huu.
Weusi wangalipo.

Wapo kwenye kisiwa chenye umbo la buti,
wapo kwenye mkia mwembamba kando ya mfereji,
wapo, hata haya hawana, katikati ya wekundu:
madoa, kama maziwa yaliyomwagwa na mtu aliyeshtuliwa.

Nani kachora?

Gergő, mchunga ng'ombe wa kijivu, anacheka:
"Labda mimi." Ng'ombe wake, yule kilema,
alipita hapo mwaka ule wa tope;
kwato moja, kichuguu kimoja cha wekundu, basi.
Mvua ya mawe ilipiga kule, hapa ikaacha.
Mtoto wa wageni aliangusha mkate wenye jamu.
Malkia mmoja, siku ya kuruka, upepo ukampoteza.

Usiku, jikoni, sufuria bado chafu,
anaitia dadu ndani ya mlinganyo:
kila mraba, kila siku, irushwe.
Dadu ndogo mno, wekundu wanafagia.
Dadu kubwa mno, uji wa rangi mbili,
usio na huku wala kule.
Hapo katikati, pembamba kama tundu la sindano,
visiwa vinaibuka kwenye kioo,
na kimoja, haki ya Mungu, kinakaribia kuwa buti.

Si buti lile. Halitakuwa lile.
Akirusha tena atapata birika, au masikio ya sungura.
Ukubwa wa visiwa anaweza kuutabiri,
na jinsi mipaka inavyopinda;
mahali, hapana.

(Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda Debrecen.
Basi likaharibika. Ilikuwa jioni, akaomba maji.)

Asubuhi anakiruka kichuguu cha weusi
asije akakikanyaga,
anatua juu ya kitu kingine.
Anainua kiatu, anatazama.
Analiandika na hilo.