Skrubu Iliyobaki

Kisahani cha mchuzi wa soya ndicho ghala langu:
jeti kubwa, jeti ndogo, boya la shaba,
sindano nyembamba kama ya kutungia shanga.
Nilivipanga kwa zamu, kama vilivyotoka,
paka wa jirani akavivuruga.
Fundi Kho, ng'ambo ya uchochoro, hakucheka.
Alisema, "Anza upya,"
akarudia chai yake.

Agosti ya Tainan haina huruma.
Jasho linadondokea kabureta,
nami sijui bado kipi hufunguliwa kushoto.

Skuta ni ya dada yangu, Siok-hun.
Aliiacha siku tuliyogombania nyumba ya mama,
akapanda treni ya Taipei.
Miaka miwili petroli imelala humo,
imeganda, chungu puani kama shubiri.

Nikachomoa unyuzi mmoja wa waya wa breki,
nikautia kwenye jeti ndogo,
nikazungusha, nikapuliza,
nikaiinua juani:
nukta ya mwanga.
Hapo tu. Chombo kizima kilikwama hapo tu.

Kiki ya kwanza, kimya.
Ya nne, kikohozi.
Ya tisa, moshi wa buluu, na mngurumo
uliomwinua Fundi Kho kitini, kikombe mkononi.

Nikapiga namba niliyoizoea kwa kutoipiga,
nikaisogeza simu karibu na ekzosi.
Akasikiliza kitambo.
"Imebaki skrubu moja, sivyo?"

Nikatazama kisahani.

"Iache," akasema. "Huwa inabaki."