Siku ya Tatu ya Moshi

Redio imesema tena: watoto wasitoke.
Moshi wa makaa umelala juu ya Ulaanbaatar
kama mgeni aliyekula akashiba na hajui kuaga.
Chekechea imefungwa. Sarnai yuko zamu,
wodi ya vifua, anahesabu vikohozi vya watoto wa wenzetu.
Nimebaki mimi, dereva wa basi la usiku,
macho mekundu, na hawa wawili
waliolala usingizi wao wote na wangu.

Jana nilishindwa. Nasema wazi.
Niliwapa kishikwambi saa moja asubuhi
nikakipokea saa saba, cha moto kama mkate.
Kisha njiwa akatua nje ya dirisha,
na Ochir, miaka mitatu na nusu,
akaweka kidole kiooni, akamsukuma kando.
Njiwa akaruka.
Ochir akasukuma tena, kushoto, kulia, juu,
ili njiwa arudi.
Alilia mpaka jirani wa juu akagonga bomba.

Leo kishikwambi kimo ndani ya buti langu la theluji,
na buti liko juu ya kabati,
na mimi najifanya sijui.

Tumejenga hema la mablanketi, limeanguka.
Tumepanga soksi kwa rangi: zote nyeusi, isipokuwa moja.
Tumekuwa treni. Tumekuwa treni iliyoharibika.
Nikatazama saa: saa tatu na dakika nne.
Nani alisema siku za baridi ni fupi?
Huyo hakuzaa.

Nikajificha chooni na simu, dakika mbili tu.
Tselmeg akachungulia chini ya mlango:
"Baba, mbona uso wako unawaka?"
Huyu ndiye tuliyempa jina la anga safi.
Nikatoka.

Nikashusha mfuko wa ngozi wa marehemu mama yangu:
mifupa ya vifundo vya kondoo, hamsini kasoro mmoja,
laini kwa kushikwashikwa.
Ukiurusha, kila mfupa huanguka na mnyama wake,
kondoo, mbuzi, farasi, ngamia,
na hakuna wa kumsukuma kwa kidole abadilike.
Tukashindanisha farasi kwenye zulia.
Mara ya kwanza niliwaachia washinde.
Mara nane zilizofuata sikuwaachia.

Saa sita, unga. Unga nywelejuu na masikioni,
unga juu ya paka ambaye hata si wetu.
Tselmeg alibana vifuko kumi na kimoja vya nyama,
ulimi nje, kimya kama fundi saa,
na ndani ya kimoja akaficha kifungo cha koti,
akaniziba mdomo kwa kidole cheupe.

Mvuke ukapanda. "Kitendawili!"
"Tega!"
"Babu yangu yumo ukutani, hukohoa usiku kucha, wala hafi."
Wakatazamana. "Upepo?" "Jirani?"
"Basi nipeni mji."
Tselmeg akanipa mji huuhuu.
Nikaukataa, una moshi.
Akanipa Darkhan. Nikaukataa.
Ochir, ambaye hajui miji, akanipa kwa shangazi,
kule ngamia hulala mlangoni.
Huo nikaupokea. Nikaenda, nikakaa, nikala jibini kavu,
nikaona nyota mpaka ukingoni mwa ardhi,
nikarudi nikawaambia: bomba la joto.
Na bomba, kwa heshima, likakohoa.
Ochir alicheka hadi akajikojolea.

Sitasema siku ilikuwa nzuri.
Waliumana. Mfupa mmoja uko chini ya jiko hadi sasa.
Saa kumi buti lilitazamwa mara tatu,
na si wao waliolitazama.

Sarnai aliingia saa moja, barakoa nyeusi penye pua,
akanikuta nimelala katikati ya mifugo,
mbuzi mmoja shavuni.
Akala amesimama. Kifuko cha kwanza, cha pili.
Cha tatu kikalia kwenye jino.
Akatema kifungo kiganjani, akakigeuza,
akatazama koti lake mlangoni.
"Na kesho?" akauliza.
Redio ilikuwa haijasema.