Rafu ya Plasta

Ghorofa ya kwanza, Bondeni, juu ya duka la vitambaa,
rafu yangu imejaa vinywa.
Vinywa vya plasta, vyeupe, vimya,
kila kimoja na jina lake kwa penseli kwenye kitako.
Mimi ni fundi wa meno ya kuvaa.
Watu hunisalimia njiani wameziba midomo kwa mkono,
hawajui nishawasoma zamani.

Huyu wa pembeni ni Bi Khuleta wa Kuze.
Miaka kumi na tisa mswaki wake ulitoka mwekundu,
naye akisema, "Fizi zangu nyepesi tu, za urithi."
Fizi hazirithiwi kama kanga, bibi.
Damu ni mgeni anayebisha hodi;
usipomsikiliza mlangoni, atapitia darini.
Ukoga ukawa jiwe, jiwe likasukuma nyama,
meno yakacheza kama vigingi mchangani,
yakatoka mazima, bila tundu hata moja,
akawa anayaokota ndani ya mkate wa mofa.

Huyu ni Nuru binti Twalib. Watoto saba, meno saba.
Aliambiwa kila mimba huondoka na jino,
akayatoa kama mtu alipaye kodi ya nyumba.
Hakuna mtoto aliyeiba jino la mamake.
Ni fizi zilizovimba, ni matapishi ya alfajiri,
ni kukosa wa kumwambia:
sukutua kwa maji, ngoja kidogo, ndipo upige mswaki.

Na hiki kidogo, kama kikombe cha kahawa, ni cha Salmini.
Miaka mitano.
Alilazwa na chupa ya chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu,
ili nyumba nzima ipate usingizi.
Usiku mate hupungua;
sukari hubaki na jino peke yao,
kama mwizi aliyefungiwa ghalani.

Jumanne akaja Shekue, mpaka rangi wa matangi ya Shimanzi.
Tambuu shavuni tangu ujana: popoo, chokaa, tumbaku kidogo.
"Nipimie magego mawili. Harusi ya binti ni mwezi ujao."
Nikawasha taa. Nikavuta shavu.
Pale tambuu inapolala palikuwa na kiraka cheupe,
kama chokaa iliyomwagikia ukuta.
Nikakifuta kwa pamba. Hakikutoka.
"Kinauma?"
"Hakiumi."
"Tangu lini?"
"Tangu Mfungo Sita."
Hapo ndipo nilipoogopa, kwa kuwa hakiumi.

Nikarudisha plasta mfukoni mwake.
"Sikupimii. Nenda Makadara ukamwone daktari wa kinywa.
Kesho, si baada ya harusi."
Akanikazia macho.
"Nimekuja kununua meno, fundi, si kununua maradhi."
"Sijui kama ni maradhi. Mimi nachonga tu.
Lakini doa lisilofutika, kidonda kisichofunga,
wiki mbili zikipita, hilo si la kungojewa."
Akateremka ngazi. Chini mlangoni nikamsikia akitema.
Sikujua kama ametema tambuu, au mimi.

Leo Jumatatu. Hajarudi,
wala sijapata uso wa kwenda kuuliza.
Nimemwachia nafasi rafuni, upana wa kiganja,
na kila nikipanguza vumbi naipita.

Usiku nikapiga mswaki wangu, mbio mbio, kama desturi,
mswaki ambao nywele zake zimelala kama mkeka mkuukuu.
Nikatema.
Kwenye weupe wa sinki, uzi mwekundu, mwembamba,
ukashika njia ya tunduni.
Nikafungua maji uende. Nikayafunga.
Nikainama kuutazama.
"Fizi zangu nyepesi..." ulimi ukaanza,
nami nikafunga mdomo kabla haujamaliza.