Mtumbwi Hubeba Watu Sita

Swali la saba, Hisabati, Darasa la Nne:
Mtumbwi hubeba watu sita.
Watu thelathini wanataka kuvuka mto.
Watavuka kwa safari ngapi?

Anselmo Nandenga akaandika: mbili.

Nikapiga mkasi wa wino mwekundu.
Madaftari yalikuwa yamerundikana,
uji wa watoto unatokota nyuma ya ofisi,
na mimi, mwalimu wa miaka kumi na tisa,
sikuuliza hiyo mbili imetoka wapi.

Alikuja mwezi wa nane na shangazi yake,
kaptula ya kuazima imeshikwa kwa kamba ya katani.
Daftari la mahudhurio lina safu zake:
jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya cheti, mzazi.
Shangazi akajibu jina.
Kwa mengine akatazama dirishani,
kule ambako ukisimama ukingoni mwa Shimo la Mungu
unauona Ruvuma kama uzi uliomponyoka mshonaji,
na ng'ambo ya uzi, ukungu; na kwenye ukungu, kwao.
Bi. Hokororo, mwalimu mkuu, akafunika kalamu.
"Andika jina. Safu nyingine zitamsubiri."

Nilipomwita asubuhi ya kwanza
alisimama wima kama mwiko: "Prezenti!"
Darasa likaangua kicheko.
(Siku hizi Shaibu naye huitika hivyo.
Sijui ni dhihaka au ni undugu. Nimeacha.)

Mwezi wa kumi mabibo yakaanza kudondoka juu ya bati.
Paa! Anselmo yuko chini ya dawati.
Siku ya kwanza walicheka.
Siku ya pili walicheka wachache.
Siku ya tatu Zamoyoni, yule mtundu, alikuja na panga la baba yake,
akaparamia mkorosho wa shule bila kibali cha mtu,
akaliangusha tawi zima lililoegemea paa,
na maua yake, na korosho changa.
Sheria ya shule inajua adhabu yake.
Mimi nilimwambia akanawe, utomvu usimchome.

Usiku ule nikalifungua tena lile daftari.
Mbili.
Sita, halafu sita.
Nikawahesabu waliobaki ukingoni: kumi na wanane.
Mtoto hakukosea kugawanya.

Kesho yake sikumwita mbele asimulie.
Kwa kuchelewa nilikuwa nimejifunza
kwamba kidonda cha mtu si zana ya kufundishia.
Nikafuta ubaoni ile insha, Safari Nisiyoisahau,
nikawaambia wote: nendeni mkaulize nyumbani,
nani katika ukoo wenu alivuka mto, na nani alimpokea.

Wakarudi.
Bibi yake Somoe alivushwa mgongoni, vita vile vya Wareno,
mama yake akapewa kiwanja na mtu asiyemjua hata jina.
Kwa Shaibu, babu. Kwa Mwanahawa, ukoo mzima.
Mikono kumi na saba ikasimama.
Wa kumi na nane ulikuwa wangu.
Mama hakuwahi kuniambia, au sikuwahi kumuuliza.
Anselmo hakunyoosha. Aligeuza shingo
akaitazama mikono, mmoja mmoja, polepole.

Pale mlangoni kuna kibao: Zungumza Kiswahili Tu.
Chini yake Somoe anamfundisha sehemu
kwa Kimakonde, muhogo mmoja, vipande vinne.
Nikapita kama kiziwi.

Lile swali la saba halina alama hadi leo.
Nilijaribu kuukwangua ule mkasi kwa wembe,
karatasi ikatoboka.
Tunduni linachungulia swali la ukurasa wa pili:
Shamba lina mikorosho tisa kwa kila safu.

"Mwalimu," akasema, "umeniharibia daftari."
Kiswahili kimenyooka, jicho halipepesi.
Nikamwomba radhi, darasa zima likisikia,
nikaenda stoo kumtafutia jipya.
Akalikataa. Alilitaka lilelile.