Fomu Namba Tano

Baba, karani wa Mahakama ya Mwanzo
ana miwani iliyofungwa kwa uzi mweupe.
Ameniuliza mara mbili jina lako kamili.
Hezeroni Masinjisa Mdachi, nikasema.
Cheti cha kifo kinasema Ezeroni, akasema.
Nikarudi RITA. Siku nzima imekwenda
kwa herufi moja
ambayo wewe mwenyewe hukuwahi kuitamka.

Kikao cha ukoo kilikaa Mvumi, kwa baba mdogo Lameki.
Muhtasari tuliuandika kwenye daftari la hesabu la mjukuu,
nyuma ya jedwali la saba.
Kumi na mmoja walinitaja mimi niwe msimamizi.
Wawili walisita, na wote wawili
ulikuwa unawadai.
"Binti ataolewa, mali itahama," alisema Lameki.
Shangazi Nyendo alikuwa anachambua mlenda,
hakuinua hata uso:
"Wewe hukuolewa. Ng'ombe wa baba yetu wako wapi?"

Lameki akatia sahihi.

Tangazo likabandikwa ubaoni,
chini ya mnada wa pikipiki.
Mwenye pingamizi ajitokeze.
Upepo wa Dodoma ukaanza kulila kutoka kona ya kushoto.
Wiki ya tatu akaja kijana kutoka Manyoni
na begi la shule, ingawa shule alishamaliza.
Hakuleta pingamizi.
Alileta masikio yako.
Mama alimtazama kitambo, akaingia jikoni,
akasonga ugali mkubwa kuliko wa siku zote.
Usiku ule nikaongeza mstari:
warithi, namba saba.

Sasa ni mali na madeni.
Shamba la zabibu Mpunguzi, ekari moja na nusu,
safu nne zimekauka.
Nyumba Nkuhungu, vyumba vinne, hati bado.
Baiskeli. Redio isiyoshika ila usiku.
Benki, shilingi elfu themanini na mbili
ambazo hawatazitoa
mpaka niwaletee barua, na barua ya kuitambulisha barua.

Na ng'ombe kumi na wawili:
watatu zizini, tisa kwa watu.
Kwa watu gani, Baba?
Uliwaandika kichwani, ukaondoka na daftari.

Nilipanda lori la chumvi mpaka Bahi,
nikatembea kuelekea Chipanga nikiuliza uliza.
Mzee Chiwanga aliniona kwa mbali,
akawatoa zizini kabla sijafungua mdomo.
"Huyu mweusi mwenye baka ni wa baba yako.
Na huyu, na ndama wao wawili.
Wa nne alikufa kiangazi kile kibaya."
Akaingia ndani, akatoka na ngozi
iliyokunjwa kama shuka la mgeni.
Miaka mitano ameitunza
ili siku moja mtu asimwite mwizi.
Hakuna aliyemwapisha. Hakuna muhuri.

Madeni: mama wa kilabu cha pombe pale Chang'ombe
alikuja na vijiti ishirini na sita vilivyofungwa kwa kamba,
kila kijiti kibuyu kimoja.
Amosi alicheka. Mimi nilihesabu, nikalipa,
kwa sababu marehemu hulipa kwanza
ndipo walio hai wagawane,
na kwa sababu uongo wako naujua, Baba,
na vijiti vile havikufanana nao.

Karani amepitisha kidole kwenye orodha yangu.
Ngozi ya ng'ombe, moja. Thamani?
Sijui, nikasema.
Basi ifute, mwanangu, hapa panataka namba.

Nimeifuta.
Nimeitandika kwenye benchi la saruji huku nje,
nimeikalia, jua la saa nne limeshapanda,
nasubiri waite shauri letu
na jina lako, safari hii
pamoja na H yake.